Fundi Maige na Mhunzi wa Wagiriki

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa nilikaa kwenye baraza ya duka pale Mwasenga, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kolandoto, na miaka yote hiyo jirani yangu wa mkono wa kushoto alikuwa Maige, mhunzi. Kati ya baraza yangu na banda lake palikuwa na ukuta wa mabati tu. Akikohoa, nilimsikia. Sindano ikinivunjikia nikang'aka, alicheka. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyapata kwa watu.

Maige alizaliwa upande wa Geita, mwaka walipopita nzige, ambao Kisukuma huwaita maige, ndiyo maana akapewa jina hilo. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi. Baba yake, mzee Lutonja, alifua majembe yaliyosifiwa hadi Usumbwani. Maige alipokuwa na umri wa miaka sita alishikwa na homa kali siku nne. Siku ya tano homa iliondoka, na nguvu zote za mguu wa kulia zikaondoka nayo. Baba yake akamleta Kolandoto hospitali. Walimtibu miezi mingi, akapona maradhi, lakini mguu ukabaki mwembamba kama mpini. Mzee Lutonja alipokuja kumchukua, alimtazama mtoto akijikokota uani, kisha akamwambia dada yake Paskalina, aliyekuwa ameolewa huku kwetu, "Mbele ya tanuru anatakiwa mtu wa miguu miwili. Kaa naye wewe." Akarudi Geita peke yake.

Shangazi Paskalina akamlea. Ufundi aliupata kwa kuiba kwa macho, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiunda mikokoteni ya ng'ombe. Mimi nilipofika Mwasenga kutoka mjini Shinyanga, mwaka 1966, tayari alikuwa na banda lake, mke wake Limi na binti yao Paskazia. Alitengeneza plau, akatia mipini, akaziba masufuria. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Lakini alifanya kazi zote amekaa, na akisimama kutembea aliweka kiganja juu ya goti la kulia na kulisukuma nyuma kila hatua, ili lisimkunjikie akaanguka. Hivyo alitembea ameinama siku zote, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Siku za ngoma alifunga banda mapema na kusema kichwa kinamuuma. Sikujua sababu mpaka Limi aliponiambia. Kule Usukumani, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja siku moja, hiki upande huu, kile upande ule, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Nyimbo za kukejeliana ni sehemu ya mchezo. Mwaka mmoja ningi wa Bagalu, yaani kiongozi na mtungaji wao, jamaa mrefu aitwaye Makoye, alimwona Maige katika watazamaji akaimba papo hapo juu ya nyundo iliyopinda mpini. Umati ukaangua kicheko. Maige hakukanyaga uwanjani tena.

Mwaka 1972 kisomo cha watu wazima kikafika kwetu. Darasa lilikuwa ndani ya ghala la pamba la ushirika, saa kumi alasiri, mara tatu kwa wiki. Mwalimu aliitwa Euphrasia, binti wa miaka ishirini na minne aliyesomeshwa na masista, mwembamba, mwenye sauti iliyofika nyuma ya ghala bila yeye kuipandisha. Nilijiandikisha. Msishangae: nilijua kusoma herufi za Kiarabu tangu chuo cha Kurani, lakini hizi za kizungu zilinipita, na wateja walikuwa wameanza kuniletea vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Maige naye akajiandikisha, Limi akamfuata.

Tulianza watu sitini. Baada ya mwezi tukabaki ishirini na wawili. Kitabu chetu kilikuwa cha kilimo cha pamba, na watu waliotoka kupalilia pamba tangu alfajiri hawakuwa na hamu ya kuisoma jioni. Mwalimu Euphrasia hakugomba. Siku moja alikuja na daftari lake kuukuu la shuleni, lenye jalada la buluu, akasema, "Tukimaliza ukurasa wa leo bila mtu kutoroka, nitawasimulia habari za miungu ya Wagiriki wa kale. Wao waliamini kila kazi duniani ina mungu wake. Sikilizeni mkaamue wenyewe kama walikuwa na akili."

Tukamaliza ukurasa mbio. Akatuambia habari za ndugu watatu waliopiga kura kugawana ulimwengu: Zeu akapata mbingu na radi, Poseidoni akapata bahari na matetemeko ya ardhi, Hadesi akapata kuzimu. Akatuambia habari za Demeta, mama wa nafaka, ambaye binti yake alitekwa na Hadesi, na kwa uchungu akaizuia ardhi isiote kitu mpaka wakapatana binti awe anarudi kwa mama yake sehemu ya mwaka tu.

"Na akiwa kule kuzimu?" Limi akauliza.

"Mama analia, na nchi inakauka."

"Miezi mingapi?"

"Wengine wanasema mitatu, wengine sita."

"Ni sita," Limi akasema kwa uhakika. "Huyo mama aliishi Shinyanga."

Wiki iliyofuata tulikuwa thelathini na watano. Wiki ya Herme hapakuwa na mahali pa kukaa. Herme ni mjumbe wa miungu, mlinzi wa wasafiri na wafanyabiashara, na pia wa wezi. Siku aliyozaliwa, asubuhi, alitoka kitandani. Kufika jioni alikuwa ameiba ng'ombe hamsini wa kaka yake Apolo, mungu wa jua na muziki, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zao zionyeshe wameingia zizini badala ya kutoka.

Kule kwetu ng'ombe si jambo la mzaha. Mzee Masele, mwenye zizi kubwa kuliko yote kijijini na ningi wa Bagika wa kwetu, akasimama na fimbo yake.

"Mwalimu, samahani. Alishtakiwa?"

"Alishtakiwa kwa baba yao, Zeu."

"Akatozwa ng'ombe wangapi?"

"Hakutozwa. Alimpa Apolo kinubi alichokitengeneza kwa gamba la kobe. Apolo akapenda sauti yake, akasamehe."

"Gamba la kobe!" Masele akapiga fimbo chini. "Ng'ombe hamsini kwa gamba la kobe! Huyo Zeu hafai kuwa hata balozi wa nyumba kumi."

Mabishano yale yaliendelea njiani, yakaendelea kisimani, yakafika minadani. Watu wasiojua kushika kalamu walijiandikisha ili wasipitwe na shauri linalofuata. Mimi, Mwislamu, nilisema moyoni "astaghfirullahi", lakini kipindi kilichofuata nilikuwa mstari wa mbele, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa habari za Athena, anayesimamia ufumaji na hekima ya vita, aliyetoka kichwani mwa baba yake akiwa mtu mzima na mkuki mkononi.

Habari zikamfikia Januari, katekista. Akaja siku ya darasa, amevaa koti, akasimama mlangoni. "Mwalimu, serikali imekutuma kufundisha kusoma. Hizi sanamu za nini?"

"Shikamoo, baba," Mwalimu akasema kwanza.

"Marahaba."

"Hakuna anayeziabudu hapa. Wenyewe waliozitunga wameacha zamani. Ninawaonyesha jinsi watu wa mbali walivyofikiri juu ya mvua, na kilimo, na wivu, na kifo. Karibu uketi, na ukisikia ninasema mtu achinje mbuzi kwa ajili ya Zeu, nifukuze."

Januari akaketi, kwa nia ya kukagua. Mwisho wa kipindi aliinua mkono na kuuliza kama Hera, mke wa Zeu, msimamizi wa ndoa, aliwahi kupata faraja kwa mume msumbufu namna ile. Hakukosa kipindi tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Machi 1973, mvua imekatika mchana, bati la ghala linadondosha matone. Mwalimu akafungua daftari akasema, "Leo ni Hefesto, mungu wa moto na uhunzi."

Wote tukamgeukia Maige. Yeye akainamisha uso, akawa anachezea kifutio.

"Alizaliwa na mguu mbovu," Mwalimu akaendelea, kisha akasita. Nadhani ndipo tu alipokumbuka nani amekaa mbele yake. Maige akainua kichwa.

"Endelea, Mwalimu."

Akaendelea. Mama yake, Hera, alipomwona ana kilema aliona aibu, akamtupa kutoka mbinguni. Akaanguka baharini. Wanawake wa baharini wakamwokota, wakamlea pangoni miaka tisa, na humo pangoni, bila mtu kumfundisha, akajifunza kufua chuma, shaba, fedha na dhahabu. Alipokuwa fundi kamili alimpelekea mama yake zawadi, kiti cha dhahabu. Hera akakikalia, minyororo isiyoonekana ikamkamata. Miungu wote wakajaribu kumfungua. Aresi, mungu wa vita, akaja na mabavu, akashindwa. Ikabidi Hefesto aombwe kurudi mbinguni. Akarudi juu ya punda, ngoma zikipigwa mbele yake, akamfungua mama yake kwa mkono mmoja.

"Baada ya hapo?" Maige akauliza.

"Akawa fundi wao wote. Radi za Zeu yeye ndiye alizifua. Viatu vya Herme vyenye mabawa, ngao, magari, hata nyumba za miungu, zote kazi yake. Na kwa kuwa alichechemea, walimcheka alipokuwa akipita kuwagawia kinywaji."

"Walimcheka?"

"Walimcheka sana."

"Waliokuwa wanacheka walikuwa wamekaa wapi?"

Mwalimu akatazama daftari, kisha akatabasamu. "Katika nyumba aliyowajengea."

Maige akacheka. Nilikuwa nimemsikia akicheka nyuma ya ukuta wa bati mara nyingi, lakini kile kilikuwa kicheko kingine, kilichotoka tumboni, mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye masizi. Tukacheka naye.

Kisha Mwalimu akasoma mstari mmoja wa mwisho, ambao sisi wengine tuliusahau hapo hapo. Alisema Hefesto alijitengenezea wasichana wa dhahabu, wenye kutembea na kusema, wa kumshika mkono anapotembea.

Maige hakuusahau. Njiani kurudi aliniambia, "Fundi Shaaban, yule bwana hakungoja mguu upone. Alitengeneza cha kumshika."

"Dhahabu utaitoa wapi?"

"Dhahabu ya nini? Chuma kipo."

Asubuhi yake nilisikia nyundo kabla sijafungua cherehani. Nilichungulia. Alikuwa amekata kipande cha springi ya lori bovu lililotelekezwa karibu na ghala, anakinyoosha motoni. Nia yake ilikuwa kuufunga mguu vyuma viwili, kimoja nje, kimoja ndani, kutoka pajani hadi kwenye kiatu, ili goti lisiweze kukunjika. Cha kwanza kilikuwa kizito kama nira. Alitembea nacho hatua sita, akaketi, ngozi ya paja imechubuka hadi damu. Limi akamjia juu.

"Baba Paskazia, mguu mmoja umekufa. Unataka na huu wa pili uuchoshe?"

"Niletee maji, mama. Nimejua kosa."

Cha pili kilikuwa chepesi, lakini goti lilibaki limenyooka hata akikaa, mguu unatokeza njiani, mbuzi wanajikwaa juu yake. Ilitakiwa bawaba ya goti inayokunjika akikaa na kujifunga akisimama. Wiki tatu alihangaika nayo. Alimwomba Mwalimu Euphrasia amchoree goti la mtu ubaoni, mifupa yake ilivyokaa, na Mwalimu akaenda mpaka hospitalini kuazima picha. Darasa zima likajifunza kusoma na kuandika maneno "paja", "goti" na "kifundo" siku hiyo.

Jibu alilipata akitazama lango la zizi la Masele, ambalo lilifungwa kwa pete ya chuma iliyotelezeshwa juu ya miti miwili. Akafua pete mbili ndogo. Akisimama, pete zinateleza zenyewe juu ya bawaba, goti linakuwa nguzo. Akitaka kukaa, anazivuta juu kwa vidole viwili. Mimi nilishona mikanda ya ngozi ya ng'ombe, nikaijaza pamba ndani isimchubue. Kiatu tukakata kwenye tairi. Siku aliyokivaa cha tatu alisimama bandani, akaziacha pete zianguke. Zikalia: ta, ta. Akaondoa kiganja gotini. Akainua mgongo.

Alikuwa mrefu kunizidi. Nimekaa naye miaka saba sijui.

Alitoka nje, akalizunguka robota langu la vitambaa, akavuka njia, akafika duka la ng'ambo, akarudi. Limi alikuwa anapeta mtama. Aliacha ungo chini, akaja akasimama mbele yake, akamtazama machoni, akilazimika kuinua kidevu. Kisha akapiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani.

Wiki hiyo hiyo Maige akaenda kwa Masele kuomba kuingia katika safu ya bugobogobo, ngoma ya majembe ya Bagika, ambamo wachezaji hurusha jembe hewani, likazunguka, wakalidaka mpini bila kukosa pigo. Masele alikuwa ameshindwa na Makoye miaka miwili mfululizo.

"Fundi, nakuheshimu," Masele akasema. "Lakini utatuangusha mbele ya watu."

"Nikianguka nitainuka mwenyewe. Ninyi endeleeni kucheza."

"Na Makoye atakuimba."

"Aimbe."

Masele akasema, "Huyo Hefesto wenu alirudi na punda. Wewe utakuja na nini?"

"Na majembe. Ya safu yako yote nitayafua mimi, mapya."

Wakafanya mazoezi tangu Mei, kila asubuhi kabla ya kwenda mashambani. Maige alikuwa na mabega ya mtu aliyepiga nyundo miaka ishirini na mitano. Jembe mikononi mwake lilipaa juu kuliko la mtu yeyote. Kazi ilikuwa miguu. Alijifunza kupigilia mguu wa chuma chini kwenye pigo kubwa la ngoma, na kucheza mapigo madogo kwa mguu mzima. Kisha akafua njuga, akazifunga kwenye chuma chenyewe, kuanzia kifundo hadi gotini.

Saba Saba ya 1973 tukaenda Ibadakuli, kwenye kiwanja cha wazi, watu wa Mwasenga wote tuliojaa kwenye lori la ushirika. Umati ulikuwa wa kutisha. Bagalu wa Makoye walikuwa na nyoka hai, na fisi aliyefungwa kamba, na watazamaji walikuwa tele upande wao. Kwetu walisimama ndugu zetu na wachache waliotafuta kivuli.

Ngoma zikaanza. Safu ya Masele ikaingia, watu kumi na wanane, majembe mapya yanang'aa. Maige alikuwa wa mwisho. Makoye akamwona. Alikuwa na macho ya tai yule, na kumbukumbu mbaya. Akanyamazisha ngoma zake akaimba ule wimbo wa zamani, nyundo iliyopinda mpini, na kuongeza maneno mapya kwamba Bagika wameishiwa watu mpaka wameleta chakavu.

Watu wakacheka, wakageuka kutazama chakavu chenyewe. Hilo ndilo kosa alilofanya Makoye. Aliwageuza watu wake waelekee kwetu.

Maige akatoka katika safu. Akapigilia mguu wa chuma chini, njuga zote zikalia kwa pamoja, sauti nzito ambayo haikuwa ya njuga za kawaida. Akapigilia tena. Mpiga ngoma wetu akaikamata sauti ile akaijibu. Jembe likapaa, likazunguka mara tatu juani, likashuka mkononi mwake. Likapaa tena. Watu wa ukingo wa Bagalu wakaanza kusogea, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wanaume waliojifanya wanapita tu.

Nilikuwa mbele kabisa, kwa hiyo niliona. Katikati ya mruko mmoja pete zote mbili zilipanda juu. Goti likakunjika. Maige akaenda chini, goti moja ardhini, na jembe likiwa bado hewani. Nilisikia Limi akivuta pumzi. Masele, kama alivyoagizwa, hakusimamisha ngoma.

Jembe likashuka. Maige akalidaka akiwa amepiga goti. Akalirusha tena, juu zaidi, na lilipokuwa linazunguka akajisukuma kwa mguu wa kushoto, akasimama wima, akazitelezesha pete kwa vidole viwili, njuga zikalia, na mpini ukatua kiganjani mwake kwenye pigo lenyewe la ngoma.

Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyotungwa. Uwanja ukalipuka. Walimiminika kwetu kama ng'ombe walioona maji, wakabomoa kamba, wakaacha fisi wa Makoye ametazamana na mwenye kumshika. Wakataka apige goti tena. Akapiga, safari hii kwa makusudi. Wakataka tena. Masele alikuwa anaimba na kulia kwa wakati mmoja. Hapakuwa na haja ya mwamuzi kusema kitu, lakini alisema, na dume la ng'ombe la mshindi likaja upande wa Mwasenga.

Makoye akaja mwenyewe, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya Maige, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, fundi."

"Mwadila."

Akainama akautazama ule mguu, akaugusa kwenye bawaba. "Nani alikutengenezea?"

"Mimi."

Makoye akainuka. "Wimbo ule sitauimba tena," akasema. "Nina mtoto wa dada yangu nyumbani, hajawahi kusimama. Nimlete?"

"Mlete Jumatatu. Uje na kamba uliyompimia urefu wa mguu."

Hivyo ndivyo kazi yake kubwa ilivyoanza. Mtoto yule aliitwa Melania, ana miaka saba. Alisimama siku ya kumi na mbili, amemshika Maige vidole, akatembea kutoka bandani mpaka kwenye cherehani yangu. Baada yake wakaja wengine, kutoka Maswa, Kahama, hata ng'ambo ya Nzega. Daktari wa hospitalini alikuja kuona, akakaa asubuhi nzima kwenye kigoda akiuliza maswali, na tangu siku hiyo akawa anatuma wagonjwa na vipande vya chuma chepesi.

Mwaka 1974 akaja mtu kutoka Geita, ndugu yake wa baba mmoja, na ujumbe mfupi: mzee Lutonja amesikia. Maige akapanda lori hadi Mwanza, akavuka kwa kivuko, akatembea kilomita saba za mwisho kwa miguu ingawa alipewa baiskeli ya kubebwa. Alinisimulia aliporudi. Baba yake alikuwa amezeeka, macho yana ukungu, hakuweza kuuona mguu, akauchunguza kwa mikono, kila ribiti, kila mshono. Kisha akamwambia mwanawe mwingine achochee tanuru, akamkabidhi Maige koleo mbele ya ukoo wote.

"Nilisema vibaya siku ile," mzee akasema.

"Ulisema ulichokijua, baba," Maige akamjibu. Wakafua jembe moja pamoja, mzee akiligeuza, yeye akipiga.

Mtihani wa kisomo wa Agosti 1975 tulifaulu watu hamsini na mmoja kati ya hamsini na wanne. Maige ndiye aliyeongoza. Kazi yake ya kwanza ya maandishi ilikuwa ubao wa banda, ambao aliupaka rangi mwenyewe kwa herufi kubwa: HEFESTO NA MAIGE, MAFUNDI CHUMA. Wateja wapya walifika wakamuuliza mwenzake yuko wapi. Maige hakuinua hata uso kutoka kazini. "Ametoka kidogo," alijibu. "Sema shida yako."

Mwalimu Euphrasia alihamishiwa Kahama mwaka 1977, na tulimsindikiza kijiji kizima, Januari ndiye aliyembebea sanduku.

Nimalizie na mwaka 1981, mwaka uliotangazwa duniani kote kuwa wa watu wenye ulemavu. Mkoa ukaandaa maandamano mjini Shinyanga, kutoka stesheni ya reli hadi uwanjani, na Maige akaalikwa na watu wake. Walikuja thelathini na mmoja, watoto na watu wazima, wote wamevaa vyuma alivyofua yeye na mikanda niliyoshona mimi. Bwana mmoja wa ofisini, mtu mwema, alikuwa ameleta lori na benchi ndani yake ili wasichoke.

Maige akamshukuru, akawageukia wenzake. "Nani anapanda?"

Melania, msichana wa miaka kumi na mitano sasa, akaziangusha pete zake: ta, ta. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka stesheni nzima ikalia hivyo.

Tukaondoka saa tatu. Mwendo ambao mtu mzima huenda kwa nusu saa tuliutembea kwa saa mbili. Jua lilikuwa kali, watu wakatoka madukani, wenye baiskeli wakashuka, wanawake wa sokoni wakaleta maji na kutembea nasi. Lori likatufuata nyuma polepole, tupu, dereva amezima muziki ili asikie vile vyuma. Tulipoingia uwanjani watu walikuwa wamesimama tayari. Maige alikuwa mbele, mgongo umenyooka, na Limi pembeni yake na kanga mpya, akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.